Miezi Sita kwa Lugha ya Adabu

Kabla ya mimi kuvaa tai, mambo yalikuwa hivi. Sheria zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Hakimu alikuwa mtu wa kutoka mbali, na alipohamishwa aliletwa mwingine wa kutoka mbali zaidi. Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta wa polisi ambaye Kiswahili chake kilijengwa kambini, na kwa sababu hiyo kilikuwa na amri nyingi kuliko maelezo. Mshtakiwa, mara nyingi, alijua Kikamba peke yake. Kati ya watu hawa watatu palikuwa na nafasi ya kusimama mtu mmoja, kushoto mwa kizimba, na katika mahakama ya Kitui sakafu ya mahali hapo ilikuwa imelika kwa viatu vya waliotangulia. Hapo ndipo nilipowekwa mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na cheti cha shule ya misheni, Kilatini cha miaka minne ambacho hakuna aliyekiulizia, na imani thabiti kwamba mtu aliyesoma anaweza kusema jambo lolote kwa upole.

Nawaandikia ninyi mnaosimama hapo sasa. Habari za kupandishwa cheo sitazieleza. Zilikuwa chache, na zote zilifika zimechelewa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ndolo, mkalimani tangu siku za Mwingereza, mtu mfupi aliyesimama wima kana kwamba anapimwa koti. Siku yangu ya kwanza niliambiwa nikae kwenye benchi nisikilize. Hakimu alisoma maneno marefu kuhusu kijana aliyeshtakiwa kwa kupigana sokoni: kwamba mshtakiwa huyo arudishwe rumande kwa muda wa siku kumi na nne, uchunguzi ukiendelea, kisha aletwe tena mbele ya mahakama hii tukufu. Ndolo akamgeukia kijana, akasema kwa Kikamba: "Unarudi ndani. Siku kumi na nne. Halafu unakuja hapa tena. Nimesema nini?" Kijana akayarudia. Ndolo akaketi.

Wakati wa mapumziko nilimfuata. "Mzee, naona nusu ya sentensi ilibaki."

"Nusu gani?"

"Ile ya uchunguzi, na mahakama tukufu."

"Mlango umefungwa ama haujafungwa?"

"Umefungwa."

"Basi hiyo nusu nyingine mpelekee mkeo jioni, azungumze nayo."

"Sina mke, mzee."

"Kwa maneno hayo," akasema, akiutafuta ugoro wake mfukoni, "sishangai."

Niliamua siku hiyo hiyo kwamba Ndolo alikuwa fundi asiyejua kupiga randa. Nikanunua daftari la jalada gumu, nikaanza kuyaandika maneno ya Kiingereza yanayomwondolea mtu haki au uhuru wake, kila neno kwenye ukurasa wake. Sikujua kwamba yalikuwa mengi kiasi hicho. Waingereza wanatajwa kwa majina yao mengi ya mvua, lakini nawahakikishieni kwamba mvua inashindwa. "Remand" niliandika: mlango umefungwa, ufunguo umo ndani ya kalenda. "Restrict": mlango uko wazi, barabara ndiyo iliyofungwa. "Bind over" ilinipa tabu kwa wiki mbili, nikaishia kuandika kwamba mtu anarudishwa kwake huku serikali ikimtazama kisogo. "Forfeit": nenda wewe, mali yako ibaki. Kwenye ukurasa wa "detain" niliandika kwamba mlango umefungwa na hakuna anayesema ufunguo uko wapi. Na nilipolisikia neno hilo likitajwa sana redioni miaka mingi baadaye, nilitambua kwamba katika kazi yangu yote sikuwahi kuitwa kulitafsiri. Waliofungiwa kwa neno hilo hawakuletwa kizimbani, kwa hiyo hawakuhitaji mkalimani.

Jambo lililonishangaza ni jinsi maneno hayo yalivyovaa vizuri. Yote yalikuwa na suti. Nami nilipoyatazama, na kuwatazama wazee waliosimama kizimbani wakiwa wamekamata kofia zao mikononi, niliona kwamba kuyasema kwa Kikamba jinsi Ndolo alivyoyasema ni utovu wa adabu. Kwetu mtu wa rika la baba yako humwambii "umefungwa" ukimtazama usoni. Wala humuulizi "nimesema nini" kama mwanafunzi wa darasa la pili. Ndolo alipostaafu akaenda kulima upande wa Emali, niliiacha desturi yake hiyo ya kuwarudishia watu swali. Kwa adabu.

Nikajijengea namna yangu. Aliyepewa mwaka mmoja nilimwambia kwamba serikali imeonelea wakae pamoja mpaka mavuno ya mwaka ujao. Aliyenyang'anywa leseni ya kuuza pombe nilimwambia kwamba wakubwa wamemwomba apumzike na biashara. Mahakama ilitulia. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hakimu mmoja aliandika kwenye rekodi kwamba mkalimani wake ana kipaji cha nadra. Sifa zikatoka nje ya jengo. Pale Kwa Vonza, siku ya soko, nilimsikia mwanamke wa kuuza nyanya akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule karani. Anamfunga mtu mpaka mtu anashukuru."

"Hata husikii?"

"Husikii kabisa. Unasikia ukiwa ndani."

Nilinunua nyanya zake zote. Nilidhani nimesifiwa.

Katika miaka ya themanini nilihamishiwa mahakama ya Makueni, na sifa zangu zikanitangulia. Hakimu wa huko alikuwa kijana msomi wa kutoka upande wa ziwa, mwepesi wa kalamu, asiyejua Kikamba hata cha kununulia maziwa. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali aliletwa mbele yetu Mzee Nzuki, mfugaji wa miaka sabini hivi, mrefu, amevaa koti lililofumwa upya kwenye viwiko. Shtaka lilikuwa kwamba aliingiza ng'ombe wanne katika msitu wa serikali, juu mlimani, bila ruhusa.

Naomba mlitazame shtaka hilo vizuri, maana mimi sikulitazama. Kuingiza ng'ombe msituni peke yake hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuwaingiza bila ruhusa. Lakini kumwambia mzee wa namna ile, mbele ya watu wa kwao, kwamba aliingia mahali bila ruhusa ni kumwita mwizi. Nilimgeukia, nikainamisha kichwa kidogo, nikasema:

"Mzee wetu, hawa watu wanasema ng'ombe wako walionekana mlimani wakila majani."

Akafikiri. "Ni kweli. Walikula, na wakashiba. Kule chini hayakubaki majani hata ya kutandikia kuku."

"Anasema ni kweli, Mheshimiwa."

Kalamu ya hakimu ikakimbia. Amekiri kosa. Inspekta akaeleza habari za misitu, hakimu akahukumu: kifungo cha miezi sita, ng'ombe wanne watwaliwe na serikali, na mshtakiwa ana haki ya kukata rufaa katika muda wa siku kumi na nne. Nikashusha pumzi, nikaupanga usemi wangu, nikamwambia:

"Mzee wetu, serikali imeonelea ukae nayo kwa miezi sita. Ng'ombe nao itawaangalia yenyewe. Na ukiwa na neno lolote, nafasi ya kulisema ipo."

Mzee Nzuki alifunga kifungo cha koti lake. Kisha akasema, "Mwambie bwana mkubwa nimemsikia. Na wewe nakushukuru."

Watu kwenye mabenchi wakanong'ona kwa kuridhika. Hakimu akaniuliza, "Umemwambia nini hata anakushukuru?"

"Nimemwambia hukumu, Mheshimiwa."

"Ajabu," akasema, akaita kesi nyingine.

Siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, nilimkuta mwanamke mzee amekaa kwenye ngazi za mahakama, na mapajani ana suruali ndefu iliyokunjwa vizuri. Akanisimamisha.

"Karani mwenye maneno mazuri ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Habari ya huko?"

"Njaa tu. Mimi ni mama Mumo, mke wa Nzuki. Nimemletea suruali. Nasikia ulisema anakaa na serikali, nikasema lazima avae vizuri." Akaicheka suruali yenyewe. "Mtu hajui kusoma hata jina lake, na leo amekuwa wa serikali. Sasa nieleze, hiyo kazi inaisha lini?"

"Mama, si kazi."

"Kama si kazi ni nini? Na ng'ombe mlisema mnawaangalia. Mnawaangalia wapi, niende nimkamue mmoja? Aliacha ndama nyumbani. Analia usiku na mchana, na mimi sina maziwa ya kumpa."

Nilijua ng'ombe walikuwa wamekwisha kupelekwa mnadani. Nikashika njia ya kumfariji. Nikamwambia kwamba sheria ya msitu ni kali, na mzee mwenyewe alikubali.

"Alikubali nini?"

"Kwamba ng'ombe waliingia."

"Si waliingia! Nani anakataa? Si yule askari wa msitu mwenyewe alikuja kwangu, akanywa chai vikombe viwili, akasema kwa sababu ya kiangazi tuwapeleke mpaka lile jiwe la mpaka? Majirani walikuwepo. Mimi nimeshangaa, mbona huyo hakuitwa aseme? Ama hamkumuuliza mzee wangu kama aliruhusiwa?"

Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza. Swali hilo lilikuwamo ndani ya maneno mawili, na maneno mawili hayo niliyaacha kwa sababu hayakunipendeza mdomoni.

Niliichukua ile suruali, nikamwambia mama Mumo anisubiri. Nikahesabu siku kwenye kalenda ya ofisini, mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili kwa kalamu. Zilibaki siku mbili. Zikipita hizo, Mzee Nzuki angekaa ndani miezi yake sita yote, kwa kosa ambalo hakuna aliyemwuliza kama alilitenda.

Gerezani askari jela alikataa suruali. Mzee aliletwa nje amevaa sare: shati lililofifia na kaptula. Sijui kama ninyi vijana mnaelewa maana yake. Mtu wa miaka sabini, mwenye wakwe na wajukuu, magoti wazi. Aliketi upande wake wa meza akayafunika magoti kwa viganja, na hakuviondoa tulipokuwa tukizungumza.

Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Niliuanza: "Mzee wetu, siku ile huenda kulikuwa na upungufu fulani katika yale—"

"Mwanangu," akasema, "kuna baridi. Sema."

"Umefungwa, baba. Hukualikwa. Ni jela, miezi sita, na ng'ombe wako wameuzwa. Walikushtaki kwamba uliingia bila ruhusa, nami sikukuambia hivyo. Ulikuwa na haki ya kukataa, nami sikukuambia hivyo pia. Una siku ya leo na kesho."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi na mitano kuyasema maneno hayo bila suti. Nilishangaa yalivyokuwa mafupi.

Mzee Nzuki akacheka, si sana. "Kwamba nimefungwa nilijua siku ile ile. Wageni hawavalishwi hivi." Akayainua magoti yake kidogo, viganja vikiwa juu yake. "Lakini kwamba ningeweza kukataa, hilo sikulijua. Ruhusa nilikuwa nayo."

"Mbona hukusema, baba? Mbona hukubishana nami?"

"Ningebishanaje? Wewe ulikuwa unazungumza vizuri kuliko mkwe wangu siku ya kuleta mahari. Nikaona, mtu mwenye heshima hii, nikianza kupiga kelele nitamwaibisha mbele ya bwana mkubwa wake. Nikanyamaza."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya, sisi wawili. Mimi nilimfichia kosa kwa sababu ya adabu, naye akalikubali kwa sababu ya adabu, na katikati ya adabu zetu mbili askari akafunga pingu.

Niliandika hati ya rufaa pale pale mezani. Sababu ya rufaa ilikuwa moja: kwamba mshtakiwa hakuelezwa shtaka lote kwa lugha anayoielewa. Nilimsomea kwa Kikamba, sentensi kwa sentensi, kisha nikafanya jambo ambalo nililiona utovu wa adabu tangu ujana wangu. Nikamuuliza, "Nimesema nini?"

Akayarudia yote. Akakosea pahali pamoja. Akadhani rufaa ni kuomba msamaha. Nikamwambia hapana, msamaha anaomba aliyekosa. Akaniuliza, "Kwa hiyo hapa anayeomba msamaha ni nani?" Askari jela akageuza uso asionekane akicheka. Kisha mzee akatia kidole gumba kwenye wino, akaiweka alama yake, na kukifuta kidole kwenye kaptula ya serikali kwa uangalifu mkubwa.

Iliyobaki ilikuwa karatasi yangu mwenyewe. Rufaa ya namna ile haiwi na nguvu bila mkalimani kueleza alisema nini na aliacha nini. Niliiandika usomi wote ukiwa umeniishia: sentensi saba, hakuna hata moja yenye mkia. Asubuhi ya siku ya kumi na nne niliipeleka kwa hakimu ofisini mwake. Akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Unajua umeandika nini hapa?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Umeandika kwamba kesi hii hukuitafsiri. Wakisoma hii kule juu watauliza na nyingine."

"Wana haki ya kuuliza."

"Nyingine zilikuwaje?"

Ningeweza kumpa jibu la adabu; nikampa la kweli. "Sijui, Mheshimiwa. Wote walinishukuru."

Akaivaa tena miwani yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejihurumia kidogo, "Nami nilishaandika kwa mkubwa wako kwamba usihamishwe, una kipaji."

"Naomba barua hiyo ifutwe."

"Imekwisha kwenda," akasema. Akagonga muhuri wa tarehe kwenye hati ya rufaa, akaitia sahihi, na karatasi yangu akaibana nyuma yake kwa pini mbili, kana kwamba kwa moja ingetoroka.

Nilipewa barua ya onyo kali, na kwa miezi mitatu niliondolewa kando ya kizimba, nikawekwa kupanga mafaili. Nilipoyapanga niliyasoma. Nilitafuta kesi zote za Makueni ambazo mshtakiwa alikiri kosa mimi nikiwa nimesimama pale, nikawaandikia wale waliokuwa bado ndani na wale ambao anwani zao zilijulikana. Wengi hawakujibu. Wawili walijibu kwamba hawana la kusema, na wananishukuru.

Niliporudishwa kazini nilisema "umefungwa" kwa kila aliyefungwa, mzee kwa kijana, nikimtazama usoni, na hakuna aliyeshuka kizimbani kabla ya kunirudishia nilichosema. Wazee walinichukia. Mmoja aliniambia mbele ya hakimu kwamba nimelelewa na punda, nami nikaitafsiri kauli yake kwa Kiingereza neno kwa neno, maana ndiyo kazi. Niliendelea hivyo mpaka nilipostaafu.

Mahakama Kuu iliifuta hukumu ya Mzee Nzuki na haikuamuru kesi irudiwe. Alitoka gerezani akiwa amekaa humo siku hamsini na tatu, akaenda nyumbani kwa miguu akiwa amevaa suruali yake ndefu. Ng'ombe wanne hawakupatikana. Ndama alikuwa amekufa wiki ya tatu.